Mkebe wa Shangazi na Bei ya Fedha

Shangazi yangu anayekaa Bombo, hapa Uganda, huvaa rupia shingoni. Ni rupia ya Uhindi ya mwaka 1907, yenye sura ya Edward wa Saba, mfalme wa Uingereza, akiwa kichwa wazi, hana taji, na juu ya utosi wake kuna tundu lililotobolewa ili uzi upite. Ilikuwa ya mama yake, na kabla ya hapo ilikuwa ya mama mkwe wa mama yake, mke wa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki. Hakuna aliye hai anayejua ilitobolewa lini wala na nani.

Oktoba 2025 shangazi alinipigia simu. Alikuwa amesikia redioni kwamba bei ya madini ya fedha duniani imepanda kuliko wakati wowote, na kijana wa jirani akamwambia masonara wa Kampala wananunua sarafu za zamani. "Mwanangu, wewe ndiye unayezijua hizi sarafu," alisema. "Njoo uuchukue ule mkebe wa babu yako uupeleke mjini. Paa la jikoni linavuja, na mvua za mwaka huu umeziona mwenyewe."

Mkebe ule naujua. Ni mkebe wa bati wa biskuti uliopauka rangi, nao ndio ulionifanya nianze kukusanya sarafu. Nikiwa mtoto, babu alikuwa akiumwaga mkekani siku za Idi na kutuachia tupange shilingi za simba kwa mstari. Kwa hiyo nilipopanda teksi kwenda Bombo siku ile nilikuwa na mambo mawili moyoni ambayo hayakupatana: paa la shangazi, na simba wa babu.

Tuliketi ukumbini tukahesabu. Rupia 4 zisizo na tundu, shilingi 31 za Afrika Mashariki, sumuni kadhaa, na senti nyingi za shaba zenye tundu katikati ambazo sonara hazimhusu. Rupia moja moja nikazipima kwa mizani yangu ndogo. Rupia ya Uhindi ilitoka kiwandani ikiwa na gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za uzito wake, sehemu 917 ni fedha. Maana yake ndani ya rupia moja mna fedha halisi gramu 10.69 hivi. Aunsi wanayotumia masonara na masoko ya London na New York ni gramu 31.1, kwa hiyo rupia tatu zinapita aunsi moja kidogo tu.

Hapo nilisimama kidogo, kwa sababu hesabu hiyo ina historia yake kwetu. Mkataba wa Buganda na Uingereza wa mwaka 1900 uliweka kodi ya nyumba kuwa rupia 3 kwa mwaka, na mwenye bunduki alipe 3 nyingine. Kwa uzito, basi, kila nyumba ilidaiwa aunsi moja ya fedha kila mwaka, katika nchi ambayo watu wake wengi walikuwa bado wanahesabu mali kwa makombe ya baharini. Waganda mpaka leo pesa huziita ensimbi, neno la makombe yale. Huziita pia ssente, kutokana na senti. Ffeeza kwao ni madini peke yake. Sisi wa Kiswahili tumechanganya vyote: fedha ni ile nyeupe anayoifua sonara, na fedha ni kile unacholipia karo. Nadhani ndiyo sababu wazee wetu hawakuona ajabu kuvaa pesa shingoni.

Bei ilikuwa imevuka dola 50 kwa aunsi. Ukichukua dola moja kwa takriban shilingi 3,500 za Uganda, rupia moja ya mkebeni ilikuwa na madini ya kama shilingi 60,000. Mimi mwenyewe, mwishoni mwa mwaka 2015, bei ilipokuwa imeshuka hadi kama dola 14, nilinunua rupia kama hizo kwa mzee mmoja wa Jinja kwa shilingi 20,000 kila moja, na madini yake hayakufika 17,000. Zile elfu tatu zilizozidi ndizo zilizokuwa bei ya sarafu yenyewe: tarehe yake, mfalme wake, safari yake kutoka Calcutta au Bombay mpaka Busoga. Nililipa kwa furaha. Mzee yule alinieleza kila rupia ilivyomfikia, nami nikaandika daftarini.

Bei ikiwa chini, sarafu ya fedha ina nafasi ya kuwa sarafu. Anayeinunua anainunua kwa ajili ya kile kilichochapwa juu yake, maana madini peke yake hayamlipi. Anayeiuza hana haraka. Sonara haitaki, kwa sababu gesi ya kuyeyushia na muda wake vinakula faida. Ndipo unapokuta mtu anakusimulia.

Bei ikipanda, ile tofauti kati ya thamani ya madini na thamani ya ukusanyaji huanza kumezwa. Humezwa kwanza katika sarafu za kawaida, zile zilizochakaa, ambazo mtu anayeanza huzimudu. Sarafu iliyokuwa inauzwa 20,000 kwa ajili ya historia yake, Oktoba 2025 ilikuwa na madini ya 60,000, na historia haikumwongezea muuzaji hata shilingi. Iliyotunzwa vizuri na iliyokwaruzwa zinapewa bei moja. Iliyosafishwa kwa jivu na ndimu, ambayo mkusanyaji angeiepuka, inapanda mizani sawa na ile iliyobaki na weusi wake wa asili. Sarafu adimu kweli haitikisiki: shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1920, ambayo wakusanyaji wanatafutana kwa ajili yake, iko juu sana ya bei ya madini yake, hata fedha ikipanda mara mbili haiisogezi. Zinazoumia ni zile za kati na za chini, na hizo ndizo zilizomo katika mikebe ya watu wetu.

Zile shilingi 31 zilihitaji uangalifu zaidi. Kwa macho zinafanana: simba mbele ya milima, mfalme upande wa pili. Lakini shilingi za George wa Tano kuanzia mwaka 1921, na za George wa Sita kuanzia 1937 hadi 1946, zina fedha robo tu, na zilizobaki ni shaba na madini mengine. Za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Ni shaba na nikeli. Mwaka huo huo maneno ya kumtaja mfalme kuwa kaisari wa Uhindi yakatoka kwenye sarafu, kwa kuwa Uhindi ilikwisha kujitawala. Kwa hiyo ukiiona shilingi yenye IND: IMP: pembeni, ina fedha. Nilimwonyesha shangazi njia hiyo, naye akazitenga mwenyewe, miwani puani, akizisoma moja moja. Zilizokuwa na fedha zikawa 19.

Sita kati ya hizo zina herufi SA chini. Ni alama ya kiwanda cha Pretoria. Nyingine mbili zina I, ya kiwanda cha Bombay. Wakati wa vita kuu ya pili Uingereza ilitawanya kazi ya kupiga sarafu kwa sababu bahari hazikuwa salama, na babu yangu alikuwa mmoja wa askari wa Keya waliopelekwa Burma. Alirudi na mshahara wake wa shilingi za SA. Shangazi alikuwa hajui herufi zile zina maana gani. Nilipomweleza, alinyamaza, kisha akaziweka zile sita kando, mbali na nyingine.

Robo ya gramu 7.78 ni gramu 1.94. Kwa dola 50 kwa aunsi, kila shilingi ilikuwa na fedha ya kama 10,900. Zote 19 zinafika kama 207,000 kwenye karatasi. Rupia 4 zinafika 240,000. Jumla, kwa karatasi, ilikuwa karibu 450,000. Shangazi alitabasamu. Nikamwambia asitabasamu bado.

Kesho yake nilikuwa mbele ya sonara mmoja mjini Kampala, mtu mzima mwenye adabu, ambaye tanuri lake liko nyuma ya pazia. Alizisugua rupia kwenye jiwe la kupimia, akadondosha tindikali, akatazama rangi, akakubali. Alitoa 40,000 kwa kila rupia. Shilingi alizishika, akazigonganisha, akasikiliza mlio wake mfupi. Akanirudishia. "Hizi ni shaba iliyopakwa jina la fedha, ndugu yangu," alisema. "Kuitoa hiyo robo ndani yake ni kazi ya kiwanda. Nikikupa 3,000 kwa moja nimekufanyia hisani."

Alikuwa anasema kweli. Bei inayotangazwa redioni ni ya mikuo ya fedha safi huko London, na kati ya mkuo ule na mkebe wa Bombo kuna watu wengi wa kulipwa: anayepima, anayeyeyusha, anayesafisha, anayesafirisha. Kadiri sarafu ilivyo na fedha kidogo ndivyo njia hiyo inavyokuwa ghali. Jumla yake ilikuja 217,000, chini ya nusu ya hesabu yetu ya ukumbini. Wengi waliouza mwaka huo walidhani wamepewa bei ya dunia.

Nilimwuliza anafanya nini na zile rupia anazonunua. Akafunua pazia. Kwenye chungu cha kuyeyushia palikuwa na vipande vya bangili, kikuku kilichovunjika, na rupia mbili za George wa Tano zilizokwisha kupinda. "Nanunua uzito," alisema. "Sura ya mfalme sijui niuze kwa nani."

Sikuwa na neno la kumlaumu. Watu wameyeyusha sarafu kwa sababu ya bei tangu sarafu zilipoanza, na serikali zimefanya hivyo zaidi kuliko sonara yeyote. Mwaka 1918 Marekani ilipitisha sheria ya Pittman, ikayeyusha dola zake za fedha zaidi ya milioni 270, sehemu kubwa ili kuisaidia Uingereza kupata fedha ya kupiga rupia za Uhindi wakati wa vita. Inawezekana kabisa rupia zilizotengenezwa baada ya hapo zina dola za Marekani ndani yake. Wakusanyaji wa dola hizo mpaka leo wanajua ngapi zilipigwa kila mwaka, lakini ngapi zilibaki hawawezi kujua, kwa sababu hakuna aliyeandika tarehe za zilizoingia motoni. Januari 1980, ndugu wa ukoo wa Hunt huko Texas walipokuwa wamerundika fedha na bei ikakaribia dola 50, watu wa Marekani na Uingereza walipanga foleni na vijiko vya harusi na sarafu za watoto wao. Machi 27 mwaka huo bei ilianguka kwa siku moja hadi karibu dola 11. Vijiko havikurudi.

Kuna habari moja ya kuyeyusha ambayo haikuhusu bei, nami huipenda kuisimulia katika nyumba za Waislamu. Rupia ya mwaka 1911 ilimwonyesha George wa Tano akiwa na joho lenye picha ya tembo, lakini tembo yule alichorwa vibaya akaonekana nguruwe. Waislamu wa Uhindi wakakataa, zilizobaki hazikutolewa, nyingi zikayeyushwa, na mwaka 1912 tembo akachorwa upya. Ukipata ya 1911 usiipeleke kwa sonara.

Ila habari inayotuhusu sisi wa Uganda kuliko zote ni ya mwaka 1920. Kabla ya vita ya kwanza rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja. Vita ilipokwisha bei ya fedha ilipaa mjini London hadi karibu peni 89 kwa aunsi, Februari 1920, na rupia kwa kuwa karibu yote ni fedha ikapaa nayo. Serikali ya Uingereza ikaikaza rupia ya Afrika Mashariki kwenye shilingi 2, yaani rupia 10 kwa pauni. Walowezi wa Kenya waliokuwa na madeni ya rupia wakaamka deni limeongezeka kwa nusu. Badala ya rupia ikaletwa sarafu ya florini yenye fedha nusu, haikudumu hata miaka miwili, kisha mwaka 1921 ikaja shilingi yenye fedha robo. Wakati huo bei ya fedha ilikuwa imekwisha kushuka. Shilingi yetu, ambayo baadaye Benki Kuu ya Uganda ilianza kuitoa kwa jina letu mwaka 1966, ilizaliwa kwa sababu ya soko la fedha kupanda kwa miezi michache. Robo ile ya fedha ndani ya simba wa babu ni kovu la bei ya mwaka 1920, na bei ya mwaka 2025 ndiyo iliyotaka kumyeyusha.

Watu huniuliza kama huu ni wakati mzuri wa kuanza kukusanya sarafu za fedha. Hoja yao inaeleweka: sarafu ya fedha ina sakafu, haiwezi kushuka chini ya madini yake, na madini yanapanda. Sababu za kupanda zina nguvu pia. Paneli za jua na vifaa vya umeme vinakula fedha nyingi, na sehemu kubwa ya fedha huchimbwa kama ziada katika migodi ya risasi, zinki na shaba, kwa hiyo bei ikipanda wachimbaji hawawezi kuongeza haraka. Lakini sakafu yenyewe hupanda na kushuka. Aliyenunua Aprili 2011, bei ilipogusa karibu dola 48, alingoja zaidi ya miaka 14 kuiona tena, na katikati yake, Machi 2020, aliiona chini ya 12.

Jibu langu ni kwamba anayetaka aunsi anunue aunsi. Sarafu za ukumbusho wa ziara ya Papa Paulo wa Sita hapa Uganda mwaka 1969 ni mfano mzuri. Zilipigwa kwa fedha karibu safi, gramu 2 kwa kila shilingi, kuanzia shilingi 2 hadi shilingi 30 yenye gramu 60 nzima. Niliwahi kuziona seti zake zikitafutwa na Wakatoliki kwa ajili ya Namugongo, mahali pa mashahidi wa Uganda, na pia na wakusanyaji kwa uchache wake. Mwaka 2025 watu wawili walinipigia simu kuziulizia, na wote wawili walitaka kujua uzito kabla ya kuuliza hali yake. Hakuna kosa katika hilo. Ila mtu wa namna hiyo bei ikishuka ataziuza zote asubuhi moja, na akiuza atauza kwa yeyote mwenye tanuri.

Jambo jingine linalokuja na bei kubwa ni bandia. Zamani hakuna aliyehangaika kughushi rupia iliyochakaa. Sasa nimeonyeshwa rupia za chuma kilichopakwa rangi, na riale za Maria Theresa, zile sarafu kubwa za fedha za Austria, zenye uzito pungufu. Riale halali ina gramu 28.07 na tarehe 1780, hata kama imepigwa jana. Beba sumaku, maana fedha haivutwi. Beba mizani ya gramu. Weka kipande cha barafu juu ya sarafu: fedha hupitisha joto kuliko metali nyingine yoyote, barafu itayeyuka mbele ya macho yako.

Nilirudi Bombo na mkebe wote. Nilimpa shangazi hesabu ya sonara bila kupunguza, kisha nikampa yangu. Rupia 2 za George wa Tano za kawaida nilimshauri auze. Ninazo zinazofanana nazo na sikuwa na sababu ya kuzizuia. Rupia nyingine 2 na zile shilingi 13 zisizo na herufi ya SA nilizinunua mimi mwenyewe, kwa bei kamili ya madini, pasipo kukata gharama za tanuri. Bei hiyo haikunipa faida yoyote siku ile, na fedha ikishuka nitakuwa nimepoteza. Paa lilipata mabati yake. Zile sita za SA shangazi alizifunga kwenye kitambaa akazirudisha mkebeni.

Kisha nikamwuliza kuhusu ile ya shingoni. Kwa mkusanyaji, rupia yenye tundu imeharibika. Orodha zote za bei zinasema hivyo. Kwa sonara imepungua uzito kidogo tu. Nilitaka kujua kama aliwahi kuifikiria. Aliishika kwa vidole viwili, kama anavyofanya akiwa anaswali, akasema tundu lile mama yake alikuwa akilipitishia uzi mpya kila Ramadhani.

Kwa yule sonara nilirudi pia. Tulikubaliana jambo dogo: kila sarafu yenye tarehe atakayonunua aiweke kando hadi Ijumaa kabla ya kuitia chunguni, nami nitampa bei yake ya uzito na elfu tano juu. Ameweka mkebe wa majarini kando ya mizani kwa ajili hiyo. Ijumaa iliyopita mlikuwa na sarafu tatu: shilingi mbili za 1922 zilizolika hata simba hana uso, na rupia moja iliyochomelewa kikono cha kuvalia. Alisema aliyeleta rupia ile ni mama mmoja mzee aliyetoka Arua, na kwamba safari hii alikumbuka kumwuliza ilikuwa ya nani. Akanisomea jibu kutoka kwenye karatasi ya risiti.